Nani Aingie Chuo Kikuu? Hoja Dhidi ya Ibada ya C+

Mhadhara wa umma uliotolewa Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira, 2026



Bango lililobandikwa pale sokoni limewaahidi mhadhara kuhusu masharti ya kuingia chuo kikuu na namna ya kutuma maombi. Aliyekuja kwa ajili ya hayo avumilie kidogo, nitayafikia. Ila siwezi kuyafikia kabla sijamalizana na mtu mmoja.

Mtu huyo ni msomi mwenzangu, ana cheo kikubwa kuliko changu, na sitamtaja jina kwa sababu bado tunaketi naye kwenye kamati moja. Katika kikao cha wasomi mwaka jana alishika maikrofoni akatetea jambo ambalo wengi mmelisikia: kwamba chuo kikuu ni cha aliyepata C+ katika KCSE kwenda juu, na hapo mjadala umekwisha. Anayekuja na diploma, anayekuja na cheti cha ualimu, anayekuja na mvi na uzoefu wa kazi, wote hao kwa maoni yake wamepenyezwa kwa mlango wa nyuma, na wanaishusha hadhi ya shahada ya wenzao. Ukumbi ulimpigia makofi. Nilinyoosha mkono, muda ukawa umekwisha. Basi mhadhara huu ukiwachosha, wa kulaumiwa ni yule mwendesha kikao aliyeninyima dakika zangu tano.

Wanaoitetea C+ huitaja kana kwamba imo kwenye zile mbao za mawe alizoshuka nazo Musa mlimani. Hebu tuitazame. KCSE ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1989, wakati kizazi cha kwanza cha 8-4-4 kilipofika Kidato cha Nne. Hujumlishwa masomo saba. Kila somo lina pointi kuanzia 1, ambayo ni E, hadi 12, ambayo ni A. Jumla ya juu kabisa ni 84. Ukipata kati ya 46 na 52, umepata C+. Ukipata 45, umepata C kavu. Pointi moja, yaani tofauti ya B na B- katika somo moja tu, labda swali moja la jiografia alilolijibu mtoto huku anaumwa na jino.

Sasa nipeni nafasi niwaonyeshe wasichana wawili. Nimewatunga mwenyewe, lakini mwalimu yeyote hapa atawatambua. Wa kwanza ana B katika masomo manne yanayohitajika kwa kozi anayoitaka, na D katika matatu yaliyobaki. Pointi zake ni 36 na 9, jumla 45. Huyo ni C. Wa pili ana C+ katika masomo manne ya kozi hiyo hiyo, na C katika yale matatu. Pointi zake ni 28 na 18, jumla 46. Huyo ni C+. Mnajua fomyula ya klasta iliyotumika miaka mingi kupanga waombaji wa kozi: chukua pointi za masomo manne ugawanye kwa 48, chukua jumla ya masomo saba ugawanye kwa 84, zidisha hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Msichana wa pili anapata 27.13. Msichana wa kwanza, yule aliyekwisha kufungiwa nje, angepata 30.43.

Nimeirudia hesabu hiyo mbele ya wanafunzi wangu wa uzamili mpaka wakaichoka. Kwa kipimo cha serikali yenyewe, kwa kozi hiyo hiyo, aliyefungiwa ndiye aliyejiandaa vizuri zaidi kwa masomo atakayokwenda kusoma. Lakini mtambo wa udahili hauendi mbali hivyo kwake. Unasimama kwenye 45, haufungui ukurasa wa pili.

Mwenzangu alisema C+ inalinda viwango. Kiwango ni kitu kinachokaa mahali pamoja, na hiki hakijakaa. Mwaka 2015 waliopata A katika KCSE walizidi 2,600. Mwaka 2016, baada ya Fred Matiang'i, mwana wa kaunti yetu hii, kuingia Wizara ya Elimu na kuziba mianya ya wizi wa mitihani, A zilikuwa 141. Waliopata C+ na zaidi mwaka huo walikuwa 88,929. Mwaka uliofuata wakawa 70,073. Mwaka 2022 wakawa 173,345, na mwaka 2023 wakawa 201,133. Mwaka 2024 walifika 246,391. Je, akili za watoto wa Kenya ziliongezeka zaidi ya mara tatu katika muda wa miaka saba?

Sehemu ya jibu iko kwenye namna ya kuhesabu. Zamani Hisabati, Kiingereza na Kiswahili vyote vilikuwa vya lazima katika jumla ile, kisha sayansi mbili, somo moja la jamii na moja la hiari. Kuanzia matokeo ya 2023 wakahesabu Hisabati, lugha moja iliyofanywa vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Siyapingi mabadiliko hayo. Mtoto wa Esise anayekwamia Kiingereza lakini anaimudu fizikia alikuwa akionewa. Ninachosema ni kwamba karatasi ya 2022 iliyoandikwa C ingeweza kuandikwa C+ kama ingehesabiwa mwaka mmoja baadaye, na wenye karatasi hizo wapo kati yetu usiku huu. Kuna mmoja nimemwona pale kwenye safu ya tatu ametikisa kichwa.

Tena C+ haijawahi kuwa lango lenyewe. Kwa miaka mingi aliyeamua nani aingie ni ile Bodi ya Pamoja ya Udahili, JAB, na nyie mliokuwa vijana wakati huo mnaikumbuka kuliko mimi. Wakuu wa vyuo vya umma walikaa wakahesabu vitanda. Vitanda vikiwa vichache, pointi za kuingilia zilipanda, na C+ yako ukabaki nayo nyumbani. Kisha mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha mpango wa wanaojilipia, ule tulioita Parallel, baada ya Makerere kuonyesha njia mwaka 1992. Mtu yule yule aliyekataliwa asubuhi kwa kukosa pointi akapokelewa alasiri kwa kuwa mzazi ameuza ng'ombe wawili wa gredi. Ukumbi ule ule, mhadhiri yule yule. Sikumbuki kumsikia mwenzangu akilia viwango wakati ule, na posho za kufundisha madarasa ya jioni tulizipokea sote.

Wala wanaoabudu alama hawajaziacha zilivyo. Makerere tangu mwaka 1990 ikawaongezea wasichana pointi 1.5. JAB nayo ilikuwa ikiwashushia wasichana kiwango kwa pointi moja au mbili. KUCCPS, iliyorithi kazi ya JAB kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na kuanza kupanga wanafunzi mwaka 2014, ina nafasi zake kwa walemavu na kwa wanaotoka maeneo yaliyosahaulika. Kila mmoja aliyeshika funguo za lango hili alijua kuwa alama peke yake ni shahidi dhaifu, akamwongezea shahidi mwingine. Tatizo ni kwamba shahidi mmoja hatumwiti kamwe, naye ni kazi ambayo mtu ameshaifanya kwa mikono yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzangu kabisa, na niruhusuni nieleze kwa mfano wa mtu niliyemfundisha.

Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu huku Borabu. KCSE alipata C. Akaenda chuo cha ualimu akapata P1, akafundisha, akachukua diploma, kisha akaja kwetu kwenye masomo ya likizo, Aprili, Agosti na Desemba, wakati wenzake wanapumzika. Siku moja nilikuwa nikifundisha kuhusu utoro shuleni, nikieleza kwa ufasaha mkubwa yale yaliyomo vitabuni: umaskini, umbali, wazazi wasiojali. Akanyoosha mkono, akauliza kama anaweza kunionyesha kitu. Akatoa kwenye mkoba rejista ya darasa lake, jalada la kijani limepauka, kona zimeliwa. Alikuwa amezungushia kwa kalamu nyekundu kila siku ambayo watoto zaidi ya watano walikosa. Kisha pembeni, kwa mwandiko mdogo, akaandika siku ambazo kituo cha kununulia majani chai cha mtaani kwao kilikuwa kikipokea chai. Zililingana karibu zote. Watoto hawakuwa watoro. Walikuwa kwenye mistari ya chai na mama zao tangu alfajiri, wakishika vikapu, na wengine walikuwa wakilea wadogo zao ili mama achume. Akaniambia alishazungumza na wazazi wabadilishane zamu, na mahudhurio yakapanda.

Darasa zima lilinyamaza. Wale waliotoka moja kwa moja Kidato cha Nne wakiwa na A- zao waliandika maelezo kutoka kwa yule mwenye C, nami niliandika pia. Nimekaa na watafiti waliopewa fedha nyingi ambao hawajawahi kuleta ushahidi safi kama ule.

Mtu huyu, kwa hoja ya mwenzangu, alipenya mlango wa nyuma. Na yapo maeneo ambako mlango wenyewe umefungwa hata baada ya kupita. Chukueni sheria. Wako watu walioanza na diploma, wakapata shahada ya sheria katika chuo kinachotambuliwa, kisha walipogonga mlango wa Kenya School of Law ili wawe mawakili, wakaulizwa karatasi ya Kidato cha Nne: iko wapi C+ ya jumla, iko wapi B ya Kiingereza au Kiswahili? Kesi zimepelekwa, mahakama zimetoa maamuzi yasiyofanana. Mimi si wakili, wala sitaki ugomvi na mawakili. Ila nauliza: mtu akisoma miaka saba baada ya mtihani wa wiki chache alioufanya akiwa na miaka kumi na minane, ni kipi kati ya miaka hiyo saba na wiki hizo kinachotueleza yeye ni nani leo? Karani wa kituo cha chai hukagua majani mawili na chipukizi vilivyomo kikapuni asubuhi hiyo. Hamwulizi mama alichuma nini mwaka juzi.

Sasa nije kwenye waraka ninaoupenda kuliko zote zilizoandikwa juu ya udahili Afrika Mashariki. Wanafunzi wangu wanajua nikianza kuuzungumzia saa hupotea, kwa hiyo mwenyekiti anivute kanzu.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, ilikutana Musoma, ng'ambo ya mpaka wetu, mji ulioko ufukweni mwa ziwa hili hili tunalolichangia. Wengi hulikumbuka Azimio la Musoma kwa jambo moja: liliamua elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya kungoja 1989. Hilo lilikuwa kubwa, na ndilo linalofundishwa. Lakini ndani ya azimio hilo kulikuwa na uamuzi mwingine ambao nadhani ni wa kijasiri zaidi. Kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka Kidato cha Sita kulikomeshwa. Kijana akimaliza shule aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi isiyopungua miaka miwili, na atakapoomba chuo aje na cheti chake pamoja na maoni ya wale aliofanya nao kazi, na ya chama mahali pale pale.

Fikirini maana yake. Kwa mara ya kwanza katika nchi zetu, mtu aliyekuwa fundi kiwandani au karani wa posta angeweza kusema neno juu ya nani awe msomi. Wasomi wenyewe hawakulipenda. Miaka minane nyuma, Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda kulitumikia taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Watu huona hasira tu katika kitendo kile. Mimi huona pale mtu aliyeanza kujiuliza swali ambalo alilijibu kwa maandishi kwanza katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kisha kwa utaratibu mwaka 1974: elimu ya juu ni ya nani, na aliyeipata anadaiwa na nani?

Nilisoma Dar es Salaam miaka mingi baadaye, azimio likiwa limekwisha kufa. Lakini mabaki yake yalikuwapo. Mzee mmoja aliyenifundisha namna ya kutafuta nyaraka kwenye maktaba aliingia chuoni kwa njia ile, baada ya kufanya kazi bohari. Alikuwa akisoma hati ya miaka ya ukoloni kwa jicho la mtu wa bohari: nani ametia saini, shehena gani imepungua, kwa nini tarehe imefutwa. Hakuna semina ya mbinu za utafiti iliyowahi kunifundisha hivyo. Nakala yangu ya azimio ni ya mashine ya kudurufu, wino umefifia, nami nimeisoma mpaka karatasi zinaachana.

Haki inanidai niseme azimio lile lilishindwa. Wasichana walipungua vibaya chuoni, kwa sababu miaka ile mitatu ya kungoja ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na kwa sababu maoni ya bosi kuhusu binti wa miaka ishirini si lazima yawe maoni kuhusu kazi yake. Haikupita miaka mingi wanawake wakaruhusiwa tena kuingia moja kwa moja. Kozi za sayansi na uhandisi nazo zikakosa watu, kwa kuwa aliyeacha hesabu miaka mitatu hurudi ameisahau. Maoni ya kazini yakawa ya kirafiki, au ya visasi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 utaratibu ule ulikuwa umeachwa. Sisi Wakenya tulifanya mwigo wetu kuanzia 1984 hadi 1990: wanafunzi waliokubaliwa vyuoni walipelekwa Gilgil kwa National Youth Service, miezi mitatu ya gwaride na kaki. Miezi mitatu ya gwaride haimfundishi mtu kazi yoyote zaidi ya gwaride.

Nimeyapima yote hayo, nimesoma waliolipinga na waliolitetea, na bado naamini Musoma iliuliza swali sahihi. Kijana wa Nyansiongo afanye kazi mwaka mmoja kabla ya kwenda chuoni, kwenye kiwanda cha chai hapo chini, kwenye zahanati, kwenye darasa la chekechea, kwenye karakana ya Keroka, na kazi hiyo ihesabiwe kwa pointi kama tunavyohesabu Kemia. Mwaka mmoja, si mitatu. Asiandike bosi peke yake. Kijana mwenyewe aandike alichofanya, na chuo kimhoji. Mtaniambia barua zitauzwa. Zitauzwa, kama zilivyouzwa karatasi za mitihani kabla ya 2016, na dawa yake ikapatikana. Mtaniambia hakuna kazi. Kazi ipo, mshahara ndio haupo. Mama anayechuma chai tangu alfajiri hajawahi kuniambia amekosa kazi.

Niyaseme basi yale yaliyo kwenye bango, na nitayapita haraka kwa kuwa yameandikwa na mnaweza kuyasoma. Shahada inataka C+, diploma C-, cheti cha ufundi D, na kozi za ngazi ya chini kabisa za ufundi hazimkatai aliyefanya KCSE, hata awe na E. Aliyemaliza Kidato cha Nne huomba kupitia KUCCPS kwenye mtandao: nambari yake ya mtihani, mwaka aliofanya, na kwa mara ya kwanza nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE kama neno la siri. Ada imekuwa shilingi 1,500. Mwenye diploma, mwalimu, mtu mzima, na yule aliyefanya mitihani ya nje kama IGCSE au Kidato cha Sita cha Uganda, hawa huomba moja kwa moja kwa msajili wa chuo wanachokitaka. Wa Kidato cha Sita huulizwa angalau ufaulu mkuu wa masomo mawili, na vyeti vya nje hulinganishwa kwanza na mamlaka ya taifa ya sifa za kitaaluma, KNQA. Mlemavu ajisajili mapema na baraza la taifa la walemavu, kwa sababu bila nambari ya usajili huo nafasi aliyotengewa haimfikii. Habari ya ufadhili ni mhadhara mwingine, mrefu na wa huzuni. Mfumo wa 2023 ulitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, ukarudi kupitia rufaa, na mzazi bado hajui atalipa ngapi.

Huo ndio utaratibu kwenye karatasi. Nendeni mkauone ulivyo kwenye saiba. Msimu uliopita nilisimama nyuma ya foleni pale Kijauri nikisubiri kuchapisha kitu changu. Mbele yangu alikuwa mama mmoja, gumboti zina matope, ametoka kupeleka chai. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe ndani ya bahasha ya kaki na noti zimekunjwa mara nne kwenye kiganja. Mwana mwenyewe alikuwa kibarua Narok. Kijana wa saiba, hana zaidi ya miaka ishirini na miwili, alifungua ukurasa akamwuliza, "Mama, anataka kozi gani?" Mama akajibu, "Wewe weka ile nzuri." Kijana akatazama orodha, akabonyeza, akabonyeza, nafasi zote zikajaa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchapisha kurasa zangu nne. Mama akapewa risiti, akashukuru, akaenda.

Nilimwuliza kijana yule amechaguaje. Hakuona haya. Alisema huwa anaangalia kozi ambazo pointi za mwaka uliopita zilikuwa karibu na za mwombaji, ili asikose. Ni busara, tena ni busara kuliko washauri wengi. Hivyo ndivyo mwalimu wa baadaye, au mhasibu, au mtaalamu wa udongo wa Nyamira anavyopatikana: kwa huruma na haraka ya kijana wa saiba. Kisha tunakaa kwenye vikao tukibishana kama C+ inalinda viwango.

Mwenzangu angekuwepo Kijauri siku ile ningemwuliza lango liko wapi hasa. Kama shule za sekondari hapa zingekuwa na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kukaa na kila mtahiniwa saa moja, mwezi mmoja kabla ya mtandao kufunguliwa, tungefanya zaidi kwa ubora wa shahada kuliko kwa kupandisha alama ya kuingilia mpaka A. Kaunti inaajiri walimu wa chekechea, hailazimiki kungoja Nairobi kwa hilo. Wazee wa kamati ya basari wangeweza kulidai wiki hii.

Na sasa swali ambalo kikao kile cha mwaka jana hakikuligusa kabisa, kwa sababu tulikuwa tumeshughulika na C+. C+ inakufa. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni ya mwaka 2027. Watoto waliofanya KJSEA, mtihani wa sekondari ya chini, mwaka 2025, wa kwanza wa mtaala mpya, waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wamegawanywa katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Watafanya mtihani wao wa mwisho 2028 na kufika kwenye milango ya vyuo 2029. Mtaala wao umejengwa juu ya madai kwamba mtoto atapimwa kwa anachoweza kufanya, kwamba miradi yake ya miaka mitatu itahesabiwa pamoja na mtihani. Ni madai ambayo wazee wa Musoma wangeyatambua mara moja. Chuo kikuu kikiyapokea matokeo hayo kisha kikayabana upya yawe herufi moja yenye alama ya kujumlisha, basi tutakuwa tumewadanganya watoto hawa tangu chekechea. Msichana aliyeshika njia ya sanaa na ana kazi ya mikono yake ya miaka mitatu ya kuonyesha, nani atakayeitazama? Mtambo? Kijana wa saiba?

Nawaomba kitu kimoja, hasa ninyi wazazi wenye mtoto Gredi ya 10. Wizara, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na KUCCPS hulazimika kisheria kusikiliza maoni ya umma, na mara nyingi ukumbi wa kutolea maoni hujaa watu wa Nairobi na wasomi wa aina yangu na ya mwenzangu. Tangazo la kukusanya maoni juu ya udahili wa 2029 likifika Nyamira, nendeni. Semeni mnataka kazi ya mtoto ihesabiwe, na mnataka mlango wa diploma na wa watu wazima ubaki wazi bila kuulizwa karatasi ya zamani. Yule mwalimu wa darasa la tatu yumo humu ukumbini, na rejista yake anayo bado. Nimemwomba atangulie kuzungumza siku hiyo.